Mafurungu ya Shangazi na Shamba la Subukia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Juma hili nimeyaweka kando masuala mliyoniletea, niwasimulie safari ya siku mbili niliyoifanya pamoja na ahli yangu kwenda Subukia, kule bara, katika Bonde la Ufa. Ndani ya safari hiyo mna kosa langu mwenyewe, nililolitenda kwa ulimi nikiwa nimeketi barazani Mombasa, simu mkononi na kikombe cha kahawa mbele yangu.

Shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mzaliwa wa Lamu. Aliolewa na fundi wa reli, akamfuata mumewe hadi Nakuru, na huko Bondeni akaishi miaka mingi akikaanga mahamri alfajiri na kupika mbaazi za nazi, nazi yenyewe ikiletwa na basi kutoka pwani. Senti za mahamri alizitia katika kopo, kopo likawa akiba, na akiba ikawa shamba la ekari 5 Subukia, kwa jina lake mwenyewe. Mumewe alimtangulia kwenda mbele ya haki. Naye alipofariki aliacha mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, shamba hilo, na kisanduku cha mapambo ya fedha aliyotoka nayo kwao siku ya harusi yake.

Miezi minne baada ya maziko, binti mkubwa alinipigia simu. "Kaka Sheikh," akasema, "sisi tumekwisha afikiana. Ndugu yetu achukue shamba, sisi wanawake tuchukue fedha ya mama. Hakuna aliyegombana. Twataka uje na mizani utugawie sawasawa."

Nilifurahi. Ni mirathi mingapi nimeiona ikigeuka kesi, na kesi ikigeuka uadui usiokwisha hata makaburini? Nikasema, "Alhamdulillah, sulhu ni kheri. Mungu awabariki." Nikaukata mwito wa simu nikiona nimeshiriki jambo jema.

Swali la sonara

Mizani sina, kwa hivyo nilikwenda Mji wa Kale kumwazima sonara mmoja ninayefahamiana naye tangu ujana. Wasomaji wetu vijana huenda wasijue kwamba pwani hii ilikuwa nchi ya fedha kabla haijawa nchi ya dhahabu. Bibi zetu walivaa mafurungu miguuni, kekee na vikuku mikononi, vidani shingoni na vipini puani, na sehemu kubwa ya mapambo hayo ilikuwa fedha. Mafundi wa Lamu na visiwa vyake, wa Mombasa na wa Unguja, walikuwa wakiyeyusha sarafu kupata malighafi, na sarafu iliyopendwa kuliko zote ni ile reale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Kila reale ya aina hiyo imeandikwa mwaka wa 1780, hata iliyochongwa karne iliyofuata, kwa kuwa huo ndio mwaka aliofariki malkia huyo, na wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika Mashariki walizoea sura hiyo wakakataa kubadilishiwa. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za sarafu hiyo 833 ni fedha halisi. Fundi aliijua bila ya kipimo, kwa kuitazama na kuisikia inavyolia juu ya jiwe. Hata leo ukienda Lamu utawakuta mafundi wakifua pete za fedha na kuzitia vigae vya sahani za kale za Kichina vilivyookotwa ufukweni.

Sonara alinifungia mizani katika kitambaa. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari ya mvua, "Sheikh, fedha hiyo ni ya uzito gani, na hilo shamba ni la ekari ngapi?"

Nikamjibu kwamba shamba ni ekari 5, na fedha bado haijapimwa.

Akanitazama. "Basi waliafikianaje?"

Ndugu zangu, nimesoma faraidhi tangu nina umri wa miaka kumi na minne. Nimeifundisha. Wala sikuwa nimeliuliza swali hilo aliloliuliza mtu ambaye kazi yake ni kupima. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Kupanda kwenda bara

Tuliswali Ijumaa Mombasa na usiku tukapanda treni. Reli hii mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka wa 2017. Ile ya kale iliyompeleka shangazi yangu na mumewe ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nakuru mwaka wa 1900 na Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901. Kutoka Nairobi tulipanda matatu alfajiri, tukateremka Bonde la Ufa ukungu ukiwa bado umelala, tukapita Naivasha na Gilgil, na jua lilipokaza tukawa tumeingia Nakuru.

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli na kulelewa na walowezi. Ulikuwa soko na makao ya wakulima wa Kizungu waliotwaa nyanda hizi, na jina la Lord Delamere bado halijasahauliwa huko. Leo ni jiji, kwa hati iliyotolewa tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nyuma yake imejiinua Menengai, mlima uliobomoka katikati ukaacha shimo pana la volkeno. Nasi watu wa pwani tunayo sehemu yetu katika mji huo, kwani popote reli iliposimama palishuka Mswahili na msala wake. Tulimsalimu imamu mmoja wa Bondeni, tukanywa chai ya tangawizi, tukaendelea.

Barabara ya kwenda Nyahururu hupita Bahati, kisha huteremka ghafla na bonde la Subukia likakufungukia chini yako: mahindi, viazi, migomba, vibanda vya maziwa kando ya njia, na upande wa mashariki ukuta mrefu wa milima. Ahli yangu, ambaye hajawahi kuishi mbali na harufu ya bahari, alijifunika shuka mbili na kusema, "Kumbe shangazi aliiacha Lamu akaja kwenye neema."

Ardhi hii ina historia ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa wakasukumwa Laikipia na kwingineko, na mapatano ya mwaka wa 1911 yakawaondoa Laikipia pia. Yaliitwa mapatano, na alama za vidole zilitiwa. Baadaye walowezi wakagawiwa mashamba humu, wakiwamo askari waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Baada ya Uhuru mashamba mengi yakakatwa vipande na kununuliwa na wananchi, na mmoja wao akawa mama mmoja muuza mahamri.

Na hapa hapa, tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilitetemeka kwa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini Kenya, karibu 7 kwa kipimo cha wataalamu. Ufa uliopasuka kando ya ule ukuta wa milima ulifuatana na ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Nilipoelezwa habari hiyo nikiwa nimesimama katika shamba la shangazi, niliikumbuka Sura ya Zilzala, na kwamba ardhi siku moja itatakiwa itoe habari zake. Nikajiuliza ekari hizi 5 zitasema nini juu yangu.

Kisanduku juu ya jamvi

Tulipokwisha kuswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, tuliketi sebuleni. Mwana wa kiume, mtu wa makamo mwenye mikono ya jembe, aliketi karibu na mlango. Mabinti watatu waliketi jamvini. Mkubwa ameolewa Nakuru, wa kati ameolewa Nyahururu. Mdogo ameachwa na mumewe, amerudi kwa mamake na watoto wawili, na analala nao katika chumba cha uani kilichoungana na jiko.

Kisanduku kikafunguliwa. Palikuwa na mafurungu mawili mazito, kekee mbili na kidani chenye reale tatu. Mjukuu mmoja aliisoma ile 1780 akapiga ukelele, akidhani bibi yake alikuwa na umri huo. Sote tukacheka, na kicheko kile kilitusaidia.

Kabla ya kupima niliuliza: je, katika hivi kuna kitu ambacho mama alimpa mtu akiwa hai? Wakataja viwili. Kidani alimvisha binti mkubwa siku ya harusi yake mbele ya wanawake wengi, akaenda nacho kwake, na kimerudi tu kwa ajili ya kutiwa pamoja na vingine. Mafurungu, alikuwa akisema mara kwa mara kwamba ni ya binti mdogo, lakini yalibaki kisandukuni mwake na ufunguo kiunoni mwake hadi alipofariki.

Hapo pana tofauti ambayo watu wengi huikosea. Hiba hutimia kwa kukabidhi. Kidani kilikabidhiwa, kwa hivyo ni mali ya binti mkubwa na hakimo katika mirathi. Mafurungu hayakukabidhiwa. Yalikuwa maneno ya mapenzi, na hayawezi hata kuhesabiwa wasia, kwa kuwa wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wengine waridhie. Nilimwona binti mdogo akiinamisha kichwa. Nilitamani sheria ingeniruhusu kusema jingine.

Kisha tukapima. Mafurungu yalikuwa gramu 362, kekee gramu 148. Jumla gramu 510. Niliwaeleza kwamba hata nisabu ya zaka ya fedha, ambayo ni dirhamu 200, yaani takriban gramu 595, haikufikiwa, mbali na kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi pambo halali la kuvaliwa halitolewi zaka. Nikampigia simu sonara, akanitajia bei ya gramu. Tukazidisha. Nikamwomba mwana wa kiume, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye bei za huko, atuambie kiasi hicho kingenunua nini.

Akanyamaza kidogo. "Ng'ombe mzuri wa maziwa hakipati," akasema.

"Na katika ardhi?"

"Robo ekari haifiki."

Hakuna aliyesema neno. Binti wa kati akazitazama zile kekee kama azionaye kwa mara ya kwanza. Wote watatu walikuwa wameridhia, ni kweli, lakini waliridhia kitu wasichokijua. Waliambiwa "fedha ya mama," na katika masikio yao fedha ile ilikuwa na uzito wa mama mwenyewe. Mimi, niliyepaswa kuuliza, nilikuwa nimebariki.

Nikawaambia hivyo. Niliwaomba radhi mbele ya wote, kaka yao akiwapo.

Hesabu ya Mwenyezi Mungu

Mwana wa kiume hakuwa dhalimu, na nawaomba msimhukumu. Desturi ya jirani zake ni kwamba mwanamke harithi ardhi, kwani ataolewa kwingine. Yeye ndiye aliyelima shamba lile miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyelipa gharama za hospitali mama alipougua, kwa mkopo wa chama cha ushirika wa maziwa ambao angali akiulipa. Aliyasema hayo kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, na yote yalikuwa kweli.

Nilimjibu kwa mpangilio wa wanazuoni wa faraidhi, uliojengwa juu ya Sura ya An-Nisaa. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni ya maiti, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Nikamuuliza: fedha za hospitali uliitoa kwa nia ya kumkopesha mama, au uliitoa kama mwana kwa mamake? Ikiwa ni deni, litalipwa kwanza kutoka katika mali yote, na dada zako hawana la kusema.

Alichukua muda mrefu. Mkewe alimtazama. "Nilitoa kama mwana," akasema.

Basi likabaki fungu. Aya ya 7 ya sura ile imewapa wanawake sehemu katika walichokiacha wazazi, kiwe kichache au kingi, wala haikutenga ardhi na mapambo. Na aya ya 11 imempa mwana wa kiume mfano wa fungu la mabinti wawili. Wazazi wa marehemu na mumewe walikwisha fariki, hivyo mali yote ni ya watoto: mafungu matano, mawili ya mwana, moja moja kwa kila binti. Ekari 5, mafungu 5. Mwana ekari 2, na kila binti ekari 1. Na fedha vivyo hivyo: gramu 102 kwa kila fungu, gramu 204 kwake yeye.

Wapo wanaolalamika kwamba fungu la mwanamke ni nusu. Nimekaa na familia nyingi, nami nashuhudia kwamba katika nyumba zetu nyingi mwanamke angeshukuru akiipata hiyo nusu. Anayenyimwa yote humwambia kwamba ameridhia.

Nikasema tena jambo ambalo ni la haki kwa kaka yao. Mtu mzima akishalijua fungu lake na thamani yake, yu huru kumwachia nduguye kwa radhi yake. Lakini ajue kwanza, na asiulizwe mbele ya umati utakaomwonea haya. Nikawaomba walale na jambo hilo hadi kesho.

Jumapili asubuhi

Usiku ulikuwa wa baridi kali. Nilipotoka kutawadha alfajiri nilimkuta binti mdogo uani, akiwasha jiko la kuni. "Kaka Sheikh," akanambia, "kwa yale makubaliano ya kwanza, baada ya mavuno ningehama. Sikujua pa kwenda na watoto. Nilidhani mafurungu yangenitosha kodi ya mwaka mzima."

Hakuwa amelitaja hilo jana mbele ya watu. Wala katika simu sikumuuliza, maana niliyezungumza naye alikuwa dada yake.

Baada ya staftahi walikuja na rai yao. Binti mkubwa na wa kati watachukua ekari zao kwa majina yao, lakini watamkodisha kaka yao aendelee kulima, naye atawapa gunia za mahindi na viazi kila mavuno, kwa karatasi na mashahidi. Binti mdogo atachukua ekari iliyo karibu na barabara ajenge chumba na kibanda cha kuuzia. Ama fedha, hakuna aliyetaka iyeyushwe. Dada wawili na kaka yao walimwachia mdogo mafungu yao katika mafurungu, safari hii wakijua uzito na bei, na mama mtu mzima wa jirani akawa shahidi pamoja nami. Nilimkabidhi mkononi mwake. Hiba ikatimia siku ile, miaka mingi baada ya kunenwa.

Sitawadanganya kwamba nyuso zote zilikuwa na furaha. Kaka yao alitia saini bila ya kusema mengi, na mkewe hakutoka kutuaga. Lakini tulipokuwa tukingoja matatu, alikuja barabarani na debe la viazi kwa ajili yetu, akauliza Mahakama ya Kadhi ya Nakuru hufunguliwa saa ngapi. Maana karatasi zetu za sebuleni hazibadilishi hati ya shamba. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo, na hukumu yake ndiyo itakayopelekwa katika ofisi ya ardhi. Nikamwambia aende na dada zake wote watatu.

Ndugu zangu, kila nyumba ya pwani ina kisanduku chake, na nyingi zina kipande cha ardhi mahali fulani, Kilifi, Lamu, au bara walikohamia jamaa. Wazazi, mkitaka kumpa mtoto kitu, mkabidhini mkiwa hai na mashahidi wakiona, wala msiwaachie watoto maneno ya kugombania. Watoto wa kiume, msiwaulize dada zenu kama wameridhia kabla hamjawaonyesha hati na bei. Mabinti, mkipewa kilicho kizuri machoni, ulizeni uzito wake na uzito wa kilichobaki. Na sisi tunaoitwa masheikh, tusiibariki sulhu kwa simu hata tujue nani hakuwa katika mazungumzo, na atalala wapi baada yake.

Mizani nilimrudishia sonara siku ya Jumatatu. Aliuliza fedha ilikuwa kiasi gani. Nikamwambia gramu 510, na nikamshukuru kwa swali lake.

Wabillahi tawfiq.